Fedha za Serikali Zaongezeka, Mbona Huduma Zapungua?



Aghalabu kila mwaka, katika mwezi wa Juni, Waziri wa Fedha wa Kenya huenda Bungeni mjini Nairobi akasoma makadirio ya mapato na matumizi ya Serikali kwa mwaka ujao. Kesho yake magazeti huandika jumla ya fedha hizo kwa herufi kubwa, na karibu kila mwaka jumla hiyo huwa kubwa kuliko ile ya mwaka uliotangulia. Katika mwaka wa fedha wa 2013/14 makadirio yalikuwa kama shilingi trilioni 1.6. Katika mwaka wa 2025/26 yalifika kama shilingi trilioni 4.29. Yafaa ikumbukwe kwamba bilioni moja ni milioni elfu moja, na trilioni moja ni bilioni elfu moja.

Mtu akaaye mtaa wa Pipeline, huko Eastlands, husikia khabari hiyo akastaajabu. Fedha zaongezeka, lakini bomba la maji lakauka siku kadhaa za juma. Takataka zakaa njiani. Akimpeleka mtoto zahanati, aghalabu huandikiwa dawa, kisha akaambiwa akainunue dukani. Basi huuliza, na ni haki yake kuuliza: ikiwa fedha ni nyingi kuliko zamani, mbona huduma ni chache?

Wako wajibuo upesi kwamba fedha zote zimeibwa. Wizi upo, na utasemwa hapa mahali pake. Lakini jambo linalopasa kufahamika kwanza ni hili: hata kama hapangeibwa senti moja, bado fedha za Serikali zaweza kuongezeka na huduma zikapungua. Asiyefahamu jinsi jambo hili linavyotokea ataridhika na hesabu kubwa za Juni, kisha atastaajabu tena Julai.

MFANO WA HESABU YA NYUMBANI

Na uchukuliwe mfano wa mtu mwenye mke na watoto wawili, apataye mshahara wa shilingi 20,000 kwa mwezi. Kodi ya chumba ni shilingi 6,000, na deni alipalo kila mwezi ni shilingi 3,000. Zimebaki shilingi 11,000 za chakula, maji, shule na dawa.

Mwaka wa pili mshahara wake wapanda hata kuwa shilingi 22,000. Majirani wampongeza. Lakini kodi ya chumba imepanda hata 7,500, na kwa kuwa alikopa tena, deni la kila mwezi limekuwa 5,000. Zilizobaki ni shilingi 9,500. Mshahara umeongezeka kwa shilingi 2,000, na fedha za chakula zimepungua kwa shilingi 1,500. Tena mtoto wa tatu amezaliwa, na bei ya unga si ile ya mwaka jana.

Hapana aliyemwibia mtu huyu. Wala si mwongo akisema kwamba mshahara wake umepanda. Lakini mkewe naye asema kweli akisema kwamba sufuria imepungua. Mume aihesabu jumla, na mke ahesabu kilichobaki. Basi Serikali nayo ina jumla yake na masalio yake, na huduma za wananchi hutoka katika yale masalio.

BEI ZIKIPANDA KULIKO FEDHA

Sababu ya kwanza ni bei. Tangu mwaka 2013, kufuatana na Katiba ya mwaka 2010, serikali za kaunti 47 hupewa sehemu ya mapato ya Taifa. Kaunti ndizo zenye kazi ya zahanati na hospitali za wilayani, maji, uzoaji wa takataka, shule za chekechea na barabara ndogo ndogo. Katika mwaka wa 2021/22 kaunti zote pamoja zilitengewa shilingi bilioni 370, na Nairobi peke yake ikapata kama bilioni 19.2. Mwaka uliofuata, 2022/23, zilitengewa bilioni 370 zile zile. Katika vitabu hapana kilichokatwa. Lakini katika Oktoba 2022 bei za vitu kwa jumla zilikuwa zimepanda kwa 9.6 katika kila 100 kupita Oktoba ya mwaka uliotangulia. Kitu kilichonunuliwa kwa shilingi 100 sasa kilitaka shilingi 109 na senti 60. Fedha zilizosimama mahali pamoja wakati bei zinakwenda mbele ni fedha zilizopunguzwa, ijapokuwa hapana aliyetangaza.

Mfano mwingine ni wa mwaka 2024. Kaunti zilikuwa zimeahidiwa kama bilioni 400 kwa mwaka wa 2024/25. Kisha watu wengi, hasa vijana, wakaupinga Mswada wa Fedha kwa maandamano makubwa, na Rais William Ruto akakataa kuutia sahihi katika Juni 2024. Kodi zilizotarajiwa zikawa hazipo, na Serikali ikapunguza matumizi. Mwisho wa shauri kaunti zikapata kama bilioni 387.4, wakati mwaka uliotangulia zilipata bilioni 385.4. Ni ongezeko la bilioni mbili, yaani kama nusu shilingi katika kila shilingi 100. Lakini bei katika mwaka ulioishia Juni 2024 zilikuwa zimepanda kwa 4.6 katika kila 100. Atakayesema kwamba fedha za kaunti ziliongezeka, asema kweli. Atakayesema kwamba zilinunua vitu vichache zaidi, asema kweli pia.

WATU WAKIZIDI

Sababu ya pili ni wingi wa watu. Hesabu ya watu ya mwaka 1989 ilionyesha watu 1,324,570 katika Nairobi. Ile ya mwaka 2019 ilionyesha watu 4,397,073, yaani zaidi ya mara tatu katika miaka 30. Wilaya ndogo ya Embakasi peke yake ilikuwa na watu 988,808, wengi kuliko wilaya ndogo nyingine yoyote ya mji huo.

Pipeline ni wadi mojawapo ya wadi tano za Embakasi Kusini, pamoja na Kware, Kwa Njenga, Kwa Reuben na Imara Daima. Mitaa ya kale ya Eastlands, kama Kaloleni, Ziwani na Jericho, ilijengwa na halmashauri ya mji, nayo ilipima viwanja, ikatandika mabomba, kisha ikaweka watu. Pipeline haikujengwa hivyo. Wenye viwanja walijenga wenyewe majumba ya ghorofa saba, nane na zaidi, yamekaribiana hata jua halifiki chini, na kila jumba limegawanywa vyumba vidogo vingi vya kupangisha. Mahali ambapo pangekaa jamaa moja au mbili sasa pakaa jamaa mia.

Na hapa pana jambo ambalo watu wachache hulifikiri. Kodi ya ardhi ni katika njia kuu ambazo kaunti hujipatia fedha zake yenyewe. Lakini katika Nairobi kodi hiyo hukadiriwa kwa thamani ya ardhi, wala si kwa jumba lililo juu yake, na kwa kadiri ya miaka 40 iliendelea kufuata daftari la thamani la mwaka 1982, mpaka thamani mpya zilipoanza kutumiwa miaka ya karibuni. Kwa hiyo kiwanja chenye vyumba mia hakikadiriwi zaidi ya kiwanja cha jirani chenye nyumba moja, maadam ardhi zao ni sawa. Watu wakapanda juu ghorofa kwa ghorofa, na takataka zao na maji yao machafu yakaongezeka pamoja nao, lakini kodi ya kiwanja haikupanda ngazi.

DENI HUTANGULIA

Sababu ya tatu ni deni. Katika Juni 2013 deni lote la Serikali ya Kenya lilikuwa chini ya shilingi trilioni 2. Katika Juni 2025 lilikuwa limepita trilioni 11. Katiba yaagiza kwamba deni la Taifa lilipwe kutoka Mfuko Mkuu wa Serikali kabla ya mambo mengine. Waziri hawezi kumwambia mkopeshaji angoje mpaka hospitali zipate dawa.

Katika makadirio ya mwaka wa 2025/26 riba peke yake, bila ya kurudisha mikopo yenyewe, ilihesabiwa kuwa zaidi ya shilingi trilioni moja. Katika mwaka huo huo kaunti zote 47 zilitengewa bilioni 415. Basi riba ilikuwa zaidi ya mara mbili ya fedha za kaunti zote. Fedha hizo zimo katika jumla kubwa isomwayo Juni, nazo huifanya jumla ionekane nono, lakini hazitibu mgonjwa wala hazizibi bomba.

Tena deni la nchi za nje laweza kukua bila ya kukopa zaidi. Mwanzoni mwa 2023 dola moja ya Marekani ilikuwa kama shilingi 123. Katika Januari 2024 ilifika karibu shilingi 160. Aliyetakiwa kulipa dola 100 alihitaji shilingi 12,300 hapo kwanza, na mwaka mmoja baadaye akahitaji 16,000, ijapokuwa deni lilikuwa lile lile la dola 100. Wakati huo huo Kenya ilikuwa na mkopo wa dola bilioni mbili, uliochukuliwa mwaka 2014 kwa riba ya 6.875 katika 100, uliopasa kulipwa Juni 2024. Ili kuulipa sehemu kubwa, Serikali ilikopa tena dola bilioni moja na nusu katika Februari 2024, kwa riba ya 9.75 katika 100. Shilingi ilipata nguvu baada ya hapo, lakini riba hiyo ya juu ilikuwa imekwisha andikwa katika mkataba.

Kaunti ya Nairobi nayo ina deni lake, yaani madai ya wakandarasi, wanasheria, mifuko ya pensheni na wengineo ambao hawajalipwa, na mengine yamerithiwa kutoka halmashauri ya mji ya zamani. Hata kufika Juni 2024 madai dhidi ya Nairobi peke yake yalikuwa zaidi ya nusu ya madai yote dhidi ya kaunti 47. Kila shilingi ilipayo kazi iliyofanywa miaka kumi iliyopita ni shilingi ambayo haitafanya kazi mwaka huu.

MISHAHARA NA MAJENGO

Sababu ya nne ni kwamba huduma nyingi za Serikali hufanywa kwa mikono ya watu. Mtaalamu wa uchumi wa Marekani, William Baumol, alilieleza jambo hili tangu miaka ya 1960. Kiwanda chaweza kununua mashine mpya na kutengeneza viatu mara mbili kwa wafanyakazi wale wale. Lakini muuguzi hawezi kufunga vidonda mara mbili kwa saa moja, wala mwalimu hawezi kufundisha watoto mia kama afundishavyo arobaini. Hata hivyo mishahara yao sharti ifuate mishahara ya watu wengine, ama sivyo watakwenda kwingine. Kwa hiyo gharama ya huduma ile ile huzidi mwaka hata mwaka, ingawa hapana huduma mpya iliyoongezwa.

Nyongeza nyingine hata mfanyakazi mwenyewe haioni mkononi mwake. Tangu Julai 2023 kila mwajiri katika Kenya, kaunti nazo zikiwamo, aliamriwa kutoa 1.5 katika kila 100 ya mshahara kwa ajili ya mpango wa nyumba, juu ya ile akatwayo mfanyakazi. Makadirio ya mishahara yakapanda, bila ya kuongezwa hata daktari mmoja. Mwaka 2024, kuanzia Machi hata Mei, madaktari waligoma kwa siku 56, na moja ya mambo yaliyoshindaniwa ni malipo ya madaktari wanafunzi, ambayo Serikali ilisema haikuwa na uwezo wa kuyalipa kama yalivyoandikwa katika mapatano ya mwaka 2017.

Majengo nayo yana mtego wake. Kati ya mwaka 2020 na 2022 kazi kadhaa za Kaunti ya Nairobi zilishikwa na idara ya Serikali kuu iitwayo Nairobi Metropolitan Services, chini ya Meja Jenerali Mohamed Badi. Idara hiyo ilikuwa na mpango wa kujenga vituo vya afya 24 katika mitaa ya watu wenye kipato kidogo, na vingi vikajengwa. Hilo lilikuwa jambo jema. Lakini jengo hulipwa mara moja, na muuguzi, dawa, umeme na maji hulipwa kila mwezi, mwaka baada ya mwaka. Kiongozi akataye utepe hupigwa picha. Mwaka wa tano, wakati wa kununua glavu na kulipa umeme, hapana apigwaye picha.

MAKADIRIO SI FEDHA

Sababu ya tano hukaa katika neno lenyewe. Makadirio ni kukadiria. Kitabu cha bajeti si sanduku la fedha, bali ni orodha ya mambo yatakayofanywa ikiwa fedha zitapatikana. Kaunti ya Nairobi kwa miaka mingi imekadiria kwamba itakusanya yenyewe, kwa kodi za ardhi, maegesho ya magari, leseni na mengineyo, fedha nyingi kuliko ilizozipata. Katika mwaka wa 2023/24 ilitazamia kukusanya zaidi ya bilioni 19, na ilichokusanya hakikufika bilioni 13.

Fedha zikikosekana, mambo yote yaliyoandikwa katika kitabu hayapunguzwi kwa usawa. Na hapa ndipo ulipo moyo wa shauri lote. Mkopeshaji asipolipwa, nchi yapata jina baya na mikopo ijayo huwa ghali. Mfanyakazi asipolipwa, hugoma. Mkandarasi asipolipwa, huenda mahakamani. Lakini bomba haligomi. Gari la takataka lisilo na mafuta halimshitaki mtu. Rafu ya dawa iliyo tupu haiandamani barabarani. Kwa hiyo kinachopunguzwa kwanza ni matengenezo, mafuta, dawa na vifaa, yaani vile vitu vinavyomfanya mfanyakazi aliyelipwa aweze kufanya kazi. Dereva yupo na mshahara wake amepata, lakini gari limesimama. Muuguzi yupo, lakini hana cha kutoa.

Na matengenezo yakiachwa, hasara huzaa hasara. Katika Nairobi karibu nusu ya maji yatiwayo katika mabomba hayafiki katika hesabu ya malipo: mengine huvuja, mengine huibwa, mengine hayapimwi. Kampuni ya maji ya mji, ambayo ni mali ya Kaunti na hujiendesha kwa malipo ya wateja, hukosa fedha za maji hayo, na kwa kukosa fedha hizo hushindwa kuziba mabomba yavujayo.

MFANO WA SHULE

Mfano uonyeshao sababu hizi zote pamoja ni wa elimu. Katika mwaka wa 2024/25 elimu ilitengewa kama shilingi bilioni 656.6, na katika 2025/26 kama bilioni 702.7. Hakuna wizara iliyopata zaidi. Lakini katika Julai 2025 Waziri wa Fedha, John Mbadi, aliiambia kamati ya Bunge kwamba fedha zilizopo zatosha kumlipia kila mwanafunzi wa sekondari kama shilingi 16,900 kwa mwaka, badala ya shilingi 22,244 zilizowekwa tangu mwaka 2018 katika mpango wa sekondari za kutwa bila ada.

Yawezekanaje? Zaidi ya nusu ya fedha za elimu huenda kwa tume iajiriyo walimu, na hapana budi walimu walipwe. Wanafunzi wameongezeka. Na hata zile 22,244, kama zingelipwa zote, hazinunui leo vitabu na chaki zilizonunuliwa mwaka 2018. Jumla ilipanda, na sehemu ya mtoto ikashuka.

Wala jambo hili si la Afrika peke yake. Mji wa Birmingham huko Uingereza una halmashauri iliyo katika halmashauri kubwa sana za Ulaya. Katika Septemba 2023 ilitangaza kwamba haiwezi kutimiza matumizi yake, na moja ya sababu ilikuwa madai ya miaka mingi ya wanawake waliolipwa kidogo kuliko wanaume. Baada ya hapo wenyeji wakatozwa kodi kubwa zaidi, na fedha za maktaba na za vijana zikapunguzwa. Walilipa zaidi wakapata kidogo.

HUDUMA IKIKATWA HUENDA WAPI?

Wako wadhanio kwamba huduma ikikatwa, gharama yake imekwisha. Sivyo. Gharama huhama tu kutoka mfuko wa wote na kuingia mfuko wa mmoja mmoja. Bomba la Pipeline likikauka, watu hawaachi kunywa. Hununua maji kwa mitungi ya lita 20 kwa wauzaji wenye mikokoteni, au kwa mwenye kisima, kisha huyapandisha ghorofa ya sita kwa mkono. Na ichukuliwe kwamba mtungi ni shilingi 10 tu, na jamaa moja hutumia mitungi mitano kwa siku. Hizo ni shilingi 50 kwa siku na shilingi 1,500 kwa mwezi, kwa maji ambayo yangekuwa bombani kwa bei nafuu zaidi. Shule za Serikali zikiwa chache au zimejaa, mzazi humpeleka mtoto shule ya mtu binafsi iliyo chini ya jumba la kupanga. Zahanati ikikosa dawa, duka la dawa lipo.

Malipo hayo hayaandikwi katika kitabu chochote cha bajeti wala Waziri hayasomi Bungeni. Nayo huwaangukia wale wenye kipato kidogo, maana tajiri alikuwa na tangi lake na shule yake tangu mwanzo. Kwa ajili hiyo si haki kusema kwamba Serikali imeokoa fedha kwa kukata huduma, kabla ya kuuliza ni nani anayezilipa sasa.

HABARI YA WIZI NA UPOTEVU

Haya yote si udhuru wa wezi. Taarifa za Mkaguzi Mkuu wa Hesabu, katika Serikali kuu na katika kaunti, kila mwaka hutaja malipo yasiyo na hati, kazi zilizolipwa bila ya kumalizika, na vitu vilivyonunuliwa kwa bei ya juu mno. Wizi huongeza uzito wa kila sababu iliyotajwa hapa, kwa kuwa shilingi iliyoibwa huondoka katika yale masalio madogo, wala haiondoki katika riba. Lakini wananchi wakidhani kwamba wizi ndio sababu pekee, watachagua mtu mwaminifu, kisha baada ya mwaka mmoja watamwita mwizi, kwa kuwa bomba bado ni kavu. Na mwizi wa kweli atajificha nyuma ya sababu hizi, akisema kwamba bei na deni ndivyo vilivyokula fedha zote. Dawa ya yote mawili ni moja: kujua hesabu.

MASWALI YA KUULIZA

Katiba, katika kifungu cha 201, yaagiza uwazi katika mambo ya fedha na wananchi kushirikishwa. Sheria yataka makadirio ya kaunti yafikishwe katika Bunge la Kaunti kabla ya mwisho wa Aprili, na wananchi waitwe kutoa maoni. Msimamizi wa Bajeti naye hutoa taarifa mara kwa mara katika mwaka, kuonyesha fedha zilizotoka na zilizotumiwa. Mikutano ya maoni aghalabu huwa na watu wachache, na wengi wa hao huomba barabara mpya au jengo jipya. Afadhali waulize maswali haya manne.

La kwanza: baada ya kutoa deni na mishahara, ni kiasi gani kimebaki kwa maji, dawa na takataka? Jumla peke yake haisemi neno.

La pili: kiasi hicho ni shilingi ngapi kwa kila mtu wa wadi hii, na mwaka jana kilikuwa ngapi, ukiondoa kupanda kwa bei?

La tatu: katika fedha zilizokadiriwa mwaka jana, ngapi zilipatikana kweli, na zilipokosekana ni nini kilichoachwa?

La nne: jengo hili jipya liombwalo, ni nani atakayelipa muuguzi wake na dawa zake katika mwaka wa tano?

Mwakilishi wa Wadi aulizwaye maswali haya na watu ishirini atajifunza majibu yake. Akiulizwa na watu elfu mbili, atakwenda nayo mpaka kwa Gavana. Nao wananchi watapasa kusikia majibu yasiyopendeza pia: kwamba huwezi kutaka kodi ipungue, mishahara ipande, deni lilipwe na huduma ziongezeke, yote katika mwaka mmoja; na kwamba mwenye jumba la vyumba mia apasa kutoa sehemu yake kwa ajili ya mtaro upitao mlangoni pake. Kila mmoja atatakiwa kuchagua aache nini ili apate nini. Kuchagua huko hufanywa kila mwaka, wananchi wawepo au wasiwepo. Wasipokuwapo, huchaguliwa kile kisichoweza kugoma.